Neno "Usiguse"

Msomaji kijana, bila shaka umepata kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule yako ukaona karatasi iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: USIGUSE. Labda uliisoma ukapita. Mimi nimeisoma kwa miaka mingi, na kila niisomapo moyo wangu huikataa. Mali ya shule ina haki ya kutunzwa, na sina ugomvi na mtunzaji. Ugomvi wangu ni na imani iliyojificha nyuma ya karatasi ile, kwamba njia ya kukitunza kitu ni kuwazuia vijana wasikijue.

Imani hiyo ina gharama, na gharama yake huonekana kwa macho. Si shule chache nchini Kenya zilizopata kompyuta zao za kwanza (au tarakilishi, kama wengine wapendavyo kuziita) zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani. Mashine hizo hufanya kazi kwa muda, kisha siku moja mojawapo ikiwashwa huandika katika kioo cheusi kwamba diski haikuonekana. Papo hapo hutangazwa kuwa imekufa. Hubebwa ikawekwa kando ya ukuta, na nyingine huifuata moja baada ya moja. Katika shule moja niliyofundisha nilizikuta 11 zimepangwa hivyo kama magunia ya mahindi, zimefunikwa shuka. Nilipouliza ni nani aliyezipima hata akajua kuwa zimekufa, nilijibiwa kwamba hakuna aliyezigusa. Jibu hilo lilitolewa kwa fahari!

Jumamosi moja niliomba ufunguo, nikaketi na wanafunzi sita wa kidato cha tatu, na bisibisi moja mezani. Kabla ya jua kutua, mashine nne zilikuwa hai. Moja ilikuwa imesahau mipango yake kwa sababu betri yake ndogo, iliyo mfano wa sarafu, ilikuwa imekwisha nguvu. Ya pili utepe wake wa nyaya ulikuwa umelegea. Mbili zilizobaki zilikuwa na ugonjwa ambao nitaueleza kwa urefu.

Nakuomba uitazame kazi yenyewe, uone kama ina uchawi wowote. Kwanza huchomolewa plagi. Kisha fundi hugusa chuma kitupu cha kasha la mashine, ili umeme tuli aliouchukua mwilini umtoke kabla hajashika kitu chororo. Diski ya zamani ni kisanduku kizito cha chuma, kidogo kuliko kamusi ya mfukoni kwa urefu na upana, nacho hufungwa kwa skrubu nne. Mgongoni mwake mna safu mbili za pini, ambazo hesabu yake ni 40. Kando yake pana mahali pa umeme penye pini nne: waya wa manjano huleta volti 12, mwekundu volti 5, na miwili myeusi hurudisha. Utepe mpana wa nyaya una mstari mwekundu ukingoni, na mstari huo huelekezwa kwenye pini ya kwanza, ambayo aghalabu iko upande wa umeme. Mpaka hapa hapana jambo ambalo mtoto ajuaye kufunga vifungo vya shati hawezi kulifanya.

Sasa tazama. Utepe mmoja huweza kubeba vifaa viwili, na mashine haina budi kujua kipi ni kipi. Waliobuni mpango huu waliviita vifaa hivyo bwana na mtumwa. Ni majina yasiyopendeza masikioni mwa mtu wa pwani yetu, ambako watu waliuzwa kweli, na hati rasmi za kanuni hiyo zilikuwa na adabu zaidi, kwani zilivitaja kuwa kifaa 0 na kifaa 1. Mimi husema wa kwanza na wa pili. Anayeamua ni jampa, kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele, chenye chuma ndani, ambacho huvishwa juu ya pini mbili. Ukikivisha hapa, diski ni ya kwanza. Ukikivisha pale, ni ya pili. Ukikivisha mahali pa tatu, cheo huamuliwa na utepe wenyewe. Katika utepe wa nyaya 80, kichwa cha buluu huingia katika ubao mkuu, cheusi cha mwisho huwa cha wa kwanza, na cha kijivu cha katikati huwa cha wa pili. Mchoro wa mahali pa kukivisha mara nyingi umechapwa juu ya diski yenyewe.

Katika mashine zetu mbili, diski na kifaa cha kusomea sidii vilikaa katika utepe mmoja, na vyote viwili vilikuwa vimevishwa cheo cha kwanza. Vilipoitwa, vikajibu pamoja, na mashine isielewe sauti ya yeyote. Mwanafunzi mmoja alihamisha jampa kwa ncha ya kibanio cha nyusi alichoazima bwenini. Muda uliotumika haukutosha kufunga kamba za viatu. Mashine hizo zilikuwa zimelala chini ya shuka miaka miwili.

Watetezi wa karatasi watasema kwamba umeme huua. Ni kweli. Kile kisanduku cha ndani kinachogeuza umeme wa ukutani kisifunguliwe na mwanafunzi kamwe, maana huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Hapo neno USIGUSE lina haki, nami ningependa libandikwe hapo na hapo tu. Kuliandika juu ya chumba kizima ni kama kumkataza mtoto kuingia jikoni kwa sababu jiko ni moto, kisha kumlaumu kuwa hajui kupika.

Watasema pia kwamba hayo ni mambo ya kale. Tangu mwaka 2003 zilipoanza kuuzwa diski za namna mpya, kila diski ina utepe wake mwembamba, na habari ya wa kwanza na wa pili imekwisha. Na siku hizi kuna diski zisizo na sahani izungukayo. Nakubali. Lakini hata hizo mpya hufungwa, hutambuliwa na ubao mkuu, hugawanywa sehemu na kufomatiwa kabla hazijapokea neno moja. Mpango huo haukubadilika. Tofauti ni kwamba kifaa kipya hufanya mengi kimyakimya, na kingine kimezibwa kwa gundi, ilhali cha kale hukulazimisha ufikiri. Hata mipaka yake hufundisha. Mashine za mwanzo wa miaka ya 1990 zilihesabu silinda 1024, vichwa 16, sekta 63, na baiti 512 katika kila sekta. Zidisha, utapata 528,482,304, na diski iliyozidi hapo haikuonekana yote. Zilizofuata ziliishia gigabaiti 137, kwa kuwa zilihesabu sekta kwa tarakimu 28 za mfumo wa mbili. Mtie mtu asiyejua hesabu hiyo mbele ya diski ya gigabaiti 160 isiyoonekana yote, naye atakuambia ni mbovu, ununue nyingine.

Hoja yao ya tatu ina nguvu, wala sitaidharau. Wanasema kijana ataifuta kazi ya watu. Mimi mwenyewe, nikiwa mtu mzima mwenye cheti, niliwahi kuchagua diski isiyo yake wakati wa kugawa sehemu, nikafuta alama za mtihani wa darasa zima. Niliomba radhi, na tukasahihisha karatasi upya kwa usiku mbili. Tangu hapo huchomoa kila diski isiyohusika kabla sijaanza, na jambo hilo ndilo la kwanza niwafundishalo wanafunzi. Lakini niwaulize wenye hoja hii: hizo mashine zilizokufa huenda wapi hatimaye? Huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na ndani yake mna majina ya watoto, alama zao na barua za wazazi. Anayejikinga husema, "Tulizifomati." Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya yaliyomo, na yaliyomo hubaki palepale mpaka yaandikwe juu yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo haimsamehe mtu kwa kuwa hakujua diski hufanyaje kazi. Siri za shule hulindwa vizuri zaidi na kijana ajuaye kuifuta diski sawasawa kuliko karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Jioni ile, diski ya mwisho ilipokwisha kufomatiwa, kioo kilionyesha gigabaiti 37 na ushei, hali juu ya diski imeandikwa 40. Msichana aliyeshika bisibisi akauliza, "Mwalimu, hizo tatu zimeibwa na nani?" Nikamwambia kwamba mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na mashine huihesabu kuwa 1,073,741,824. Hakuridhika na neno langu. Alitafuta karatasi, akagawanya mwenyewe kwa mkono, wenzake wakimsahihisha, hata mlinzi akaja kugonga dirisha akitaka kufunga lango.

Ufunguo niliurudisha Jumatatu asubuhi, nikaomba nipewe tena Jumamosi iliyofuata. Mashine saba zilikuwa zingali ukutani.