Mayo ya ekipe inalipa dwane kupita mashini ya mugodi

Leo tuongee mambo ya mupira, lakini si ya goli. Tuongee ya kartoni.

Musimu uliopita, ekipe ya watoto wa karé yetu hapa Kolwezi ilikosa nguo. Watumikaji wa posti mbili wakakubali kukatwa kitu kiloko ku mushahara, miezi tatu. Delege alikuwa miye, basi franga ikashikwa na miye. Tukatafuta ku telefone, tukapata muuzaji wa China: mayo, kaptura, soksi na mipira 20. Bei ilikuwa nzuri sana. Tukalipa. Kisha kartoni zikafika, na hapo njo tukaambiwa bei ingine: ya usafiri, ya dwane, ya depo, ya mutu wa kutosha kartoni. Mwisho tulilipa karibu mara mbili ya franga ya kwanza. Kitansi? Hakuna. Tulipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa na mukono, bila tampo.

Niliporudi ku karé, mama mumoja akaniuliza mbele ya watu: "Delege, franga ya batoto ulikula na nani?" Sikukuwa na kitu cha kumuonyesha. Ile swali ingali inaniuma mpaka leo. Juu ya ile nilianza kuuliza, kusoma, kwenda kuona watu wenye kujua kazi ya dwane. Nilichopata ninawaandikia hapa, ili delege mwingine asisimame vile miye nilisimama.

Bei ya muuzaji inaishia wapi?

Kosa la kwanza lilikuwa letu wenyewe. Tuliona bei ku telefone tukafikiri ni bei. Kumbe ile bei inaishia ku bandari ya kule. Kama muuzaji ameandika FOB, maana yake yeye anafikisha kartoni mpaka ndani ya meli kwa bandari ya inchi yake. Kutoka pale, ni mambo yako. Kama ameandika EXW, ni mubaya zaidi: unaenda kuchukua ku mulango wa fabrike yake. Kama ni CIF, amelipa meli na asiransi mpaka bandari aliyoitaja. Lakini angalia bandari gani! CIF Dar es Salaam si Kolwezi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lubumbashi kuko kilometa karibu 2.000 za barabara, kupitia Tunduma, Zambia yote, mpaka Kasumbalesa. Kisha kutoka Lubumbashi mpaka hapa kwetu, ingine 300.

Sisi wa Katanga hatuna bahari. Kartoni nyingi zinatoka Dar es Salaam, Durban, Beira ao Walvis Bay, na zinapanda na kamio. Kila siku ya foleni ku mupaka, kuko mwenye kuilipa: ni yule atakayenunua. Munakumbuka mwezi wa munane 2024, wakati Zambia ilifunga mupaka siku chache juu ya mabishano ya biashara na serikali yetu? Kamio zilisimama. Dereva anakula, kamio inahesabiwa siku, kontenere inahesabiwa siku. Hakuna mutu anayekuja kukuambia: "Hii ni bei ya foleni." Unaikuta tu ndani ya bei.

Na bahari nayo ina mambo yake. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kupigwa ku Bahari Nyekundu, kampani nyingi za meli ziliziondoa ku njia ya Suez, zikazizungusha chini kabisa ya Afrika. Safari ikarefuka. Hata meli ya China isiyopita kule ilipanda bei, juu meli zilizokuwa huru zilipunguka. Vita ya mbali, lakini alama yake unaikuta ku soksi ya mutoto wa Kolwezi.

Dwane inahesabu nini?

Hapa njo watu wengi wanakosea. Wanafikiri dwane inapiga asilimia ku bei ya mayo peke. Hapana. Kwetu Kongo, DGDA inahesabu ku bei ya kitu, pamoja na usafiri, pamoja na asiransi. Tarife yetu iko na viwango vitatu vikubwa: 5%, 10% na 20%. Mashini na vitu vya kutumikia viko chini. Nguo na vitu vingine vilivyokwisha tengenezwa viko juu, ku 20%. Kisha kunakuja TVA, 16%, na ile TVA haipigwe ku bei peke: inapigwa ku bei pamoja na dwane yenyewe. Ni kodi juu ya kodi.

Tuchukue mufano, kalamu ku mukono. Mayo na kaptura za dola 1.000. Usafiri dola 280. Asiransi dola 20. Yote: 1.300.

Dwane 20% ya 1.300 ni 260. Sasa tuko ku 1.560. TVA 16% ya 1.560 ni 249,60. Jumla ni dola 1.809,60.

Na hatujamaliza. Kuko malipo ya OCC juu ya kukagua, kuko ya FPI, kuko mushahara wa komisioneri wa dwane, kuko depo kama kartoni imekawia, kuko kamio ya kukuletea Kolwezi. Kwa hiyo mutu akikuambia kitu cha dola 1.000 kilimufikia na 2.000, usimuite mwizi mbio mbio. Inaweza kuwa kweli. Lakini umuombe karatasi.

Angalia tena ile hesabu. Dwane na TVA pamoja ni dola 509,60 ku 1.300: ni 39,2%. Maana yake kila dola moja unayolipa ku usafiri inazaa ingine senti 39 za kodi. Ukikosa ku usafiri, unalipa kosa lako mara mbili.

Usilipe hewa

Nitawapa kosa letu la pili, juu ni la kuchekesha na la kulia. Mipira 20 ilitumwa imekwisha jazwa hewa.

Mupira wa wakubwa, ile namba 5, unapima gramu 410 mpaka 450. Mipira 20 haipite kilo 9. Lakini wale wa kutuma na ndege hawahesabu kilo peke. Wanapima kartoni: urefu mara upana mara kimo kwa santimeta, na wengi wanagawanya na 5.000. Wanachukua namba ile inayopita. Mupira umejaa hewa unajaza sanduku la santimeta 22 kila upande. Piga hesabu: ni kama kilo 2,1 kwa mupira mumoja. Mipira 20 ni kilo 42 na zaidi. Tulilipa kilo 42 kwa mipira ya kilo 9. Zingine zote zilikuwa hewa ya China!

Ile mipira 20 ikitolewa hewa na kukunjwa, inaingia ndani ya kartoni ya santimeta 40 kwa 40 kwa 30. Ile inahesabiwa kilo 9,6. Tuseme kilo ni dola 10, mufano tu: na hewa unalipa 426, bila hewa 96. Tofauti ni dola 330. Na kama ile kartoni imewekwa ku kiwango cha 20%, kodi juu ya ile tofauti inafika karibu dola 130. Ni dola 460 zilizopotea, juu hatukusema neno moja: "Toeni hewa." Pompi ya mukono inauzishwa ku soko yetu.

Na ku meli ni vile vile: kartoni ndogo zinazowekwa pamoja na za watu wengine zinalipa kwa meta kibe. Kitu kikubwa chepesi kinalipa juu ya ukubwa wake. Kwa hiyo mayo zikunjwe na kufinywa, viatu vitoke ndani ya makartoni yao ya rangi.

Mashini na mayo

Sasa tufike ku maneno yanayotuhusu sisi watumikaji. Kodi ya Mine, sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inapatia kampani za mugodi njia yao ya dwane. Kabla ya kuanza kutosha mali, vitu vyao vilivyo ku liste iliyokubaliwa na serikali vinaingia ku 2%. Wakianza kutosha, kiwango kinapanda. Kamio kubwa ya kubeba mawe inaweza kuingia ku 5%. Mayo ya mutoto wa yule dereva wa ile kamio inaingia ku 20%.

Sisemi kampani inaiba. Ni sheria, na ina maana yake: serikali ilitaka mashini zifike, kazi ianze, na mishahara yetu inatoka pale. Miye mwenyewe ninakula pale. Lakini tuangalie upande wa pili. Zamani, wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, mupira wa karé haukuwa shida ya baba na mama. Kampani ndiyo ilikuwa na uwanja, na shule, na ekipe. Leo uwanja ni wa mavumbi, na mayo ni ya kukatwa ku mushahara. Muzigo ulihama. Ulitoka ku bega la kampani ukaja ku bega la mutumikaji, na ulipofika kwetu ukakuta dwane ya 20%.

Ile Kodi ya 2018 inasema tena kitu ambacho wengi wetu hawajui. Kampani inayotosha mali inapaswa kuweka 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji wa pale. Kisha iko kaye de sharje, ile makubaliano ambayo kampani inaandika na wakaaji: shule, maji, barabara, dispansere. Juu ya nini uwanja na vifaa vya michezo visiwe ndani? Wakati wa kuandika, ni sisi tunaokosa ku mukutano. Wengine wanafikiri michezo ni ya kuchezea. Kijana asiye na uwanja ataenda wapi ile saa kumi ya magaribi? Mutamukuta ku kisima cha kuchimba, ao ku lutuku. Wamama wanajua.

Njia ya mukato

Wengi wataniambia: "Delege, unajitesa bure. Kuko ajansi zinazobeba kutoka Guangzhou ao Dubai mpaka Lubumbashi, bei moja kwa kilo, yote ndani." Ni kweli, na miye sizikatai. Kwa kartoni mbili, mara nyingi ni njia rahisi kupita kutafuta komisioneri peke yako. Lakini ujue unachonunua. Kartoni yako imeingia kwa jina la mwingine. Ikikamatwa, ikipotea, ikikawia miezi tatu, huna karatasi ya kushitaki. Mutu akiuliza franga ilienda wapi, huna cha kujibu. Hiyo njo ilinipata.

Kuko wengine wanaomba muuzaji aandike fakture ya uongo: kitu cha 1.000 kiandikwe 300. Musifanye vile. Watu wa dwane wanajua bei za vitu. Wakikataa fakture yako, wanaweka bei yao, wanaongeza amande, na kartoni inalala ku depo, kila siku ikihesabiwa. Sindika itaomba namna gani kampani iseme kweli ku hesabu zake, kama sisi tunadanganya ku soksi?

Ku mupaka pia mujue haki yenu. Dekre ya mwaka 2002 inaruhusu serevisi ine peke: DGDA, OCC, DGM na Ijeni. Mwingine akija na kofia yake kuomba ya chai, muulize kwa heshima: "Papa, kitansi yako iko wapi?"

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kukusanya hata franga moja, tuombe bei yote mpaka Kolwezi kwa maandishi, kwa watu wawili ao watatu, tulinganishe.

Pili, ekipe za karé ziungane. Kodi zingine zinafuata bei ya kitu, lakini kazi ya komisioneri na karatasi ni moja, kwa kartoni mbili ao makumi mbili. Karé tano zikituma pamoja, ile gharama inagawanyika mara tano.

Tatu, kama muko na shirika lisilo la faida lenye karatasi zote, sheria ya 2001 ya mashirika hayo inafungua mulango wa kuomba musamaha wa dwane. Lakini barua inaombwa kabla kartoni haijatoka kule. Kartoni ikiwa ku Kasumbalesa, umekwisha kuchelewa.

Ine, tuulize kwanza mashona wetu. Mayo inaweza kushonwa hapa, na namba zikaandikwa hapa. Franga inabaki ku karé, hakuna meli wala foleni. Tutume mbali kile ambacho hakitengenezwe kwetu.

Tano, kitansi. Dwane inalipwa ku banki, na kuko karatasi ya kuonyesha kiasi gani. Delege yeyote anayeshika franga ya watu abandike ile karatasi ku mulango wa biro ya sindika, mama wote wasome.

Mwaka huu watoto watahitaji mayo tena. Nilimwendea yule mama, nikamuonyesha ile hesabu yote, ya hewa pamoja. Aliangalia muda murefu, kisha akasema: "Basi safari hii, twende bote." Sasa yeye njo anashika daftari ya franga. Miye ninashika karatasi.