Mpaka wa Kata na Miguu ya Mwanafunzi

Mwanafunzi wa sekondari anayeishi kilomita 7 kutoka shuleni hutembea kilomita 14 kila siku ya masomo. Kwa siku 194 za mwaka wa shule Tanzania Bara, hizo ni zaidi ya kilomita 2,700, na akifika mwisho wa kidato cha nne atakuwa amekaribia kilomita 11,000 kwa miguu. Safari hiyo humla saa tatu kwa siku, kwenda na kurudi. Ikiwa usafi wa mazingira huanza saa 1 asubuhi, lazima atoke nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, gizani, mara nyingi bila kitu tumboni. Watoto wa namna hii wako katika kila mkoa, na kilomita 7 si umbali wa kutisha kwa wengi wao.

Umbali wa kila siku ni tatizo jipya kuliko unavyodhaniwa. Katika miongo ya kwanza baada ya Uhuru, sekondari zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za bweni: Tabora, Minaki, Ilboru, Msalato, Tosamaganga. Aliyechaguliwa alipewa waranti ya usafiri, akapanda treni au basi, akarudi kwao likizo. Angeweza kusoma kilomita 1,000 kutoka kwao, lakini safari hiyo aliifanya mara chache kwa mwaka, na usiku alilala mita chache kutoka darasani. Gharama ya mpango huo ilikuwa uchache wa nafasi. Wengi waliofaulu darasa la saba walibaki nyumbani kwa sababu hapakuwa na pa kuwaweka.

Mambo yalibadilika kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na hasa kwa msukumo wa mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kwamba kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walichanga fedha, mawe, mchanga na nguvu zao, wakainua kuta hadi usawa wa lenta, na serikali ikaahidi kuezeka. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari 1,291; mwaka 2009 zilikuwa 4,102, na wanafunzi walikuwa wamepanda kutoka takribani 433,000 hadi zaidi ya 1,466,000. Shule za kata zilidharauliwa sana, zaidi baada ya matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri katika matokeo yaliyotangazwa kwanza. Dharau hiyo haikuwa ya haki kwa wazazi waliobeba tofali. Bila kazi yao, mamia ya maelfu ya watoto wasingeona kidato cha kwanza kabisa.

Kosa la mpango lilikuwa katika kipimo. Kata ni eneo la utawala. Imechorwa kwa ajili ya diwani na mtendaji, na ukubwa wake hautabiriki. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Rombo kwa mfano, vijiji vimebanana na mtoto anaweza kuwa na sekondari mbili au tatu ndani ya mwendo wa saa moja. Wilaya ya Simanjiro, kwa upande mwingine, ina takribani kilomita za mraba 20,000 na kata zisizofika 20. Wastani wa kata moja huko unazidi kilomita za mraba 1,000, wakati mkoa mzima wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393. Kata ya ukubwa huo ingekuwa na umbo la mraba, na shule ikajengwa katikati kabisa, mtoto wa ukingoni bado angekuwa kilomita 16 kutoka darasani. Kwenye takwimu za halmashauri, kata hiyo ina sekondari. Kwa mtoto wa ukingoni, haina.

Na shule hazijengwi katikati kila mara. Eneo huamuliwa na kijiji kilichotoa ardhi bila fidia, au barabara inayopitisha lori la saruji, au mvutano kati ya vijiji viwili ambavyo kila kimoja kinataka jengo upande wake. Wakati mwingine muafaka hupatikana kwa kuiweka shule porini, sawasawa baina ya vijiji vyote, mahali ambapo haiko karibu na yeyote. Mwalimu naye hukosa nyumba ya kupanga, na baada ya muda huomba uhamisho.

Ada ya sekondari za serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016. Ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Kuondolewa kwake kulisaidia familia maskini, lakini kulionyesha pia kwamba ada haikuwa gharama kubwa kuliko zote. Viatu vinavyokwisha kwa mawe, nauli ya bodaboda siku ya mvua kubwa na mchango wa chakula cha mchana kwa mtoto asiyeweza kurudi nyumbani kula vinaweza kuzidi ada ile kabla mwaka haujafika nusu. Umbali ni ada, na anayeulipa zaidi ni yule aliye mbali na barabara, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye kipato kidogo.

Athari zake hufika darasani kila asubuhi. Mtoto aliyetembea saa moja na nusu bila uji husinzia kipindi cha tatu. Anayechelewa kwa sababu mto umejaa huadhibiwa sawa na aliyechelewa kwa uzembe. Masika, baadhi ya vijiji hukatika kabisa, na katika wilaya zinazopakana na hifadhi, kama Serengeti na Tunduru, tembo wakiwa njiani wazazi huwazuia watoto wasitoke. Siku hizo huandikwa utoro. Mwanafunzi wa mbali akiacha shule kidato cha pili, daftari la mahudhurio linasema alikuwa mtoro, na hakuna safu ya kuandika kilomita.

Kwa wasichana njia yenyewe ni hatari. Msichana anaamka mapema zaidi ili achote maji na kufagia, na jioni anarudi giza likiingia. Mwendesha bodaboda anayempa lifti bila malipo wiki ya kwanza huja kudai malipo baadaye. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na mwishoni mwa mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule rasmi. Hatua zote mbili zilihitajika. Lakini zote hufika baada ya madhara. Kupunguza njia ndiko kunakomfikia msichana kabla.

Wazazi wengi, wakiona mtoto anachoka, humpangia chumba karibu na shule. Hilo ndilo geto: chumba kimoja katika nyumba ya mtu baki, godoro sakafuni, debe la unga kutoka nyumbani, na watoto wa miaka 14 au 15 wanaojipikia na kujilea. Unga ukiisha katikati ya mwezi, msichana wa geto hana mtu mzima wa kumgeukia isipokuwa mwenye nyumba au muuza duka. Geto limeachwa liendelee kwa sababu halimgharimu mtu yeyote serikalini, na hilo ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika suala hili. Mzazi anayepanga chumba hicho hana kosa, kwa kuwa amechagua kati ya hatari mbili.

Dawa inayotajwa kwanza ni shule zaidi. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 500 mwaka 2020, uliweka shule mpya karibu na makazi kuwa sehemu ya kazi yake. Wapinzani wa hoja hii husema kwamba walimu wa fizikia na hisabati hawatoshi hata sasa, na kila shule mpya huwatawanya zaidi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, inachukulia kwamba mtoto wa kilomita 10 anafundishwa na mwalimu aliyeko, wakati kweli ni kwamba siku nyingi hayupo darasani au yupo akiwa hoi. Palipo na watu wa kutosha kujaza mikondo miwili, shule ya pili ndani ya kata hiyohiyo inastahili kujengwa, hata kama walimu wa sayansi watagawana vipindi kati ya shule mbili.

Kwenye kata kubwa zenye watu wachache, kama zile za wafugaji, shule mpya haitajaa, na huko hosteli ndiyo jibu. Ila hosteli bila matroni, uzio, maji na chakula ni geto kubwa tu. Majengo yamekuwa rahisi kupata kuliko bajeti ya kuyaendesha. Ndiyo maana baadhi ya mabweni yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi hufungwa au kugeuzwa madarasa.

Kwa umbali wa kati, kilomita 4 hadi 10 kwenye tambarare, baiskeli haijapewa nafasi inayostahili. Utafiti uliofanyika vijijini Zambia kwa wasichana waliogawiwa baiskeli ulionyesha utoro ulipungua kwa zaidi ya robo na uchelewaji kwa karibu theluthi mbili. Jimbo la Bihar nchini India, lililoanza kuwapa wasichana wa sekondari baiskeli mwaka 2006, lilipunguza pengo la uandikishaji kati yao na wavulana. Baiskeli inahitaji fundi na vipuri, na milimani haifai, lakini inaweza kufika kijijini muhula huu huu, wakati shule husubiri miaka.

Mijini kikwazo ni daladala. Nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200 humfanya kondakta amkwepe, na mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto hubaki kituoni magari yakipita. Hapo tatizo litakwisha mwenye gari akifidiwa tofauti ya nauli, au pakiwa na mabasi ya wanafunzi pekee saa za asubuhi na jioni.

Muda wa kupanga ni mfupi. Sera ya elimu toleo la 2023 inafanya elimu ya lazima iwe ya miaka 10, minne ya mwisho ikiwa ya sekondari. Shule ya msingi itaishia darasa la sita, hivyo Januari 2028 wahitimu wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Halmashauri zinahesabu madarasa na madawati kwa ajili ya mwaka huo. Hesabu ya kila kitongoji na umbali wake hadi shule inayokipokea inaweza kufanywa na maofisa elimu kata walewale, kwa pikipiki walizo nazo, kabla viwanja vya shule mpya havijachaguliwa.