Kifafa Sugu: Mwaka Mmoja wa Utulivu Si Ruhusa ya Kuacha Dawa

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mtu mzima akianguka kifafa mara kwa mara ilhali anameza dawa, majumbani mwetu hukumu hutoka haraka: dawa zimeshindwa, hili ni jini. Kwa ndugu zetu wa Tunduma na Songwe yote, suala hili lina uzito wa pekee.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 830 katika vijiji 13 vya wilaya ya Mbozi. Asilimia 16.7 walikuwa na dalili za maambukizi ya tegu wa nguruwe mwilini. Vifuko vya mnyoo huyu vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa cha ukubwani. Tusijidanganye kwamba sisi hatuli nguruwe. Mayai hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, kisha hufika kwenye chakula kwa mikono au maji machafu. Mwaka 1992 ugonjwa huu uliripotiwa New York katika familia za Mayahudi wasiokula nguruwe kabisa.

Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zinazofaa, kwa kipimo sahihi na bila kuruka siku, zinaposhindwa kukizuia. Anayekatiza dawa kwa kukosa nauli au kwa sababu zimeisha dukani hajafikia hapo.

Hata aliyefikia hapo asikate tamaa. Nchini Marekani wagonjwa 246 wenye kifafa sugu walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Ilikadiriwa kuwa ndani ya miaka 7, takriban mmoja kati ya watatu hupata mwaka mzima bila kuanguka. Lakini kati ya hao waliotulia, takriban 7 katika 10 hurudiwa ndani ya miaka 5. Hapa ndipo penye hatari. Mwaka wa utulivu ukipita, familia husema amepona, vidonge vinatupwa. Kuacha ghafla huweza kuleta degedege lisilokatika, nalo huua. Mwenye kuamua kupunguza dawa ni daktari.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyekuwa akianguka, akamwendea Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kuomba dua. Hakumlaumu wala hakumfukuza. Alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo au aombewe. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke anapoanguka, naye akamwombea.

Kwa hiyo ruqya ya Qur'ani inafaa, pamoja na vidonge. Msomaji anayeamuru dawa ziachwe amevuka mpaka wa elimu yake. Na mgonjwa ambaye daktari ameona funga itamdhuru ana ruhusa ya kula Ramadhani: atalipa akipata nafuu, na ikiwa maradhi hayatarajiwi kupona, atalisha maskini kwa kila siku.

Tunawaomba maimamu wa Tunduma wazungumzie vyoo na kunawa mikono kwenye khutba, na familia zisimwache mgonjwa peke yake karibu na moto au maji.

Wallahu a'lam.