Waifai Imenuna, Wifi Hana Kosa

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie simu za watoto, lakini kuna barua ya dada mmoja wa hapa Dar es Salaam ambayo imenichekesha, halafu ikanisikitisha, nikaona haiwezi kusubiri.

Dada huyu ana mtoto wa miezi saba na kazi anayoifanyia nyumbani. Analetewa mahojiano yaliyorekodiwa, anayasikiliza, anayaandika, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi yawe yameshatumwa. Kwa hiyo usiku ndiyo ofisi yake. Mtoto akilia anafunga mfuniko wa laptopu, anakwenda kunyonyesha, anarudi baada ya nusu saa hivi. Akifungua mfuniko kioo kinawaka, kazi yake ipo pale pale alipoiacha, ila intaneti hakuna! Kuna usiku imemtokea mara tatu. Na muda huo huo anasikia simu ya wifi yake chumba cha pili inalia ujumbe baada ya ujumbe, kwa rauta ile ile.

Hapo ndipo shetani alipopata kiti cha kukaa. Wifi mtu, dada wa mumewe, anaishi nao, analipia nusu ya intaneti na ndiye aliyeifunga hiyo rauta. Dada yetu akajumlisha moja na moja. Akamweleza mume, mume akaja juu, asimsingizie dada yake, laptopu yenyewe kuukuu. Wakaipeleka kwa fundi, fundi akasema kadi ya waifai imekufa, akaweka nyingine kwa shilingi 60,000. Siku ya pili yake mtoto akalia, mfuniko ukafungwa, mambo yakawa yale yale. Mteja mmoja kamkimbia kwa kucheleweshewa kazi. Basi juzi dada kaingia kwenye rauta kabadili neno la siri, wifi kafungiwa nje, na sasa nyumba nzima watu wanapishana koridoni bila salamu. Ananiuliza kama kuna ubaya kumlipa mtu kwa sarafu yake.

Shosti, upo ubaya, kwa sababu huyo mtu hajakufanya kitu. Anayekukosesha kazi yumo ndani ya laptopu yako, na wewe mwenyewe umemtaja katikati ya barua bila kujua. Umesema kwamba ukiizima kabisa na kuiwasha upya, intaneti inarudi yenyewe. Wifi hawezi kujua umewasha upya saa nane na dakika kumi za usiku! Na kadi iliyokufa haifufuki kwa kuwashwa upya. Sentensi hiyo moja ingekuokolea elfu sitini kama fundi angeisikiliza.

Sasa tuingie jikoni. Umesema mdogo wako alikuwekea Ubuntu baada ya Microsoft kufikisha mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana laptopu yako haikutimiza masharti ya Windows 11. Uamuzi mzuri tu, mimi simlaumu. Ubuntu inajengwa juu ya Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Moyo wake unaitwa keneli. Keneli ndiyo mama mwenye nyumba, na ina wasaidizi wanaoitwa moduli, kila mmoja na chake: huyu wa sauti, huyu wa kamera, yule wa waifai. Uzuri ni kwamba moduli inaweza kutolewa na kurudishwa wakati mashine inafanya kazi, huna haja ya kuzima nyumba nzima.

Ukifunga mfuniko, keneli inawaambia wasaidizi wote waweke kazi chini, kisha umeme unabaki kidogo sana, hasa wa kuilinda kumbukumbu ambamo kazi yako imekaa. Kwenye laptopu nyingi kadi ya waifai hukatiwa umeme kabisa. Kadi hii haina akili ya kudumu, akili yake ni programu ndogo iitwayo fimwea ambayo moduli huimwagia kila inapoanza kazi. Umeme ukikatika, fimwea imekwenda. Ukifungua mfuniko, moduli inatakiwa ijue hilo, iiamshe kadi, iimwagie tena fimwea na kuunganisha. Moduli ikiwa na kasoro, au kadi ikichelewa kuitika, basi moduli inabaki inaongea na mtu asiyejibu. Wewe unaona laptopu imeamka, kumbe mmoja ameamka kanuna.

Ndiyo maana hata kadi mpya haikusaidia. Kwenye picha uliyonitumia jina linaloonekana ni iwlwifi, yaani moduli ya kadi za Intel, na fundi kakuwekea Intel nyingine. Kabadilisha sufuria, mpishi ni yule yule.

Lakini tusihukumu bila ushahidi, maana hilo ndilo lililoiponza nyumba yako. Usiku wa leo, hifadhi kazi yako kwanza. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, utaona dirisha la kuandikia amri. Andika hii:

lspci -k

Tafuta mstari wa kadi ya mtandao, chini yake utaona jina la moduli inayoitumikia. Kwa wasomaji wengine jina linaweza kuwa ath9k au ath10k_pci kama kadi ni ya Qualcomm Atheros, au linaloanza na rtw au rtl kama ni ya Realtek. Liandike mahali. Halafu usingoje mtoto alie, ilaze mashine mwenyewe:

systemctl suspend

Ngoja dakika tano, iamshe. Ikiwa intaneti imerudi, rudia. Kasoro za namna hii zina tabia ya kujificha mbele ya mgeni, mimi huwa nailaza mashine hata mara sita kabla sijasema chochote. Ikinuna, usiizime! Ukizima unafukuza shahidi. Uliza kwanza:

rfkill list

Kwenye waifai, ukiona neno yes mbele ya Soft blocked, basi imefungwa kwa kitufe tu, na dawa ni kuandika rfkill unblock wifi. Ukiona yes mbele ya Hard blocked, tafuta swichi pembeni mwa laptopu. Zote zikiwa no, mwamshe msimamizi wa mitandao:

sudo systemctl restart NetworkManager

Itakuuliza neno la siri la laptopu, na unapoandika hutaona herufi zikitokea, usishtuke, ndivyo ilivyo. Intaneti ikirudi kwa hatua hiyo, moduli haina hatia. Isiporudi, sasa soma kumbukumbu za keneli yenyewe:

journalctl -k -b | grep -i -e "PM: suspend" -e iwlwifi

Mistari yenye PM: suspend entry na PM: suspend exit ndiyo saa ya kulala na saa ya kuamka. Linganisha na saa uliyofunga mfuniko. Kama malalamiko ya iwlwifi yanaanza mara baada ya kuamka, kwamba kadi haijibu au fimwea imeshindwa kuanza, umemkamata. Na ikiwa umeshazima na kuwasha kwa mazoea, weka -b -1 badala ya -b, itakusomea kikao kilichopita. Chukua picha kwa simu. Mwonyeshe na mume, maana sidhani kama atakubali kwa maneno matupu.

Dawa ya haraka, ambayo ni ushahidi pia, ni kumtoa msaidizi aliyenuna na kumwingiza upya:

sudo modprobe -r iwlmvm iwlwifi
sudo modprobe iwlwifi

Kwa nini majina mawili? Iwlmvm ni mwenzake anayemtegemea, lazima atoke yeye kwanza. Kwenye kadi za Intel za zamani mwenzake anaitwa iwldvm, kwa hiyo andika lsmod | grep iwl uone nani yumo kabla hujaanza kumfukuza asiyekuwepo. Ukingoja nusu dakika intaneti ikarudi bila kuzima mashine, basi shauri limekwisha. Ni moduli.

Kwa siku chache unaweza kuishi kwa amri hizo mbili. Lakini mtu mwenye kichanga begani hawezi kuandika amri kila baada ya saa moja, kwa hiyo tuifundishe mashine ijifanyie. Andika:

sudo nano /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai

Ndani yake weka mistari hii kama ilivyo:

#!/bin/sh
case "$1" in
pre) modprobe -r iwlmvm iwlwifi ;;
post) modprobe iwlwifi ;;
esac

Hifadhi kwa Ctrl na O, bonyeza Enter, toka kwa Ctrl na X. Kisha ipe ruhusa ya kutenda kazi:

sudo chmod +x /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai

Maana yake ni kwamba kabla ya kulala, moduli inatolewa kwa heshima, na baada ya kuamka inaingizwa ikiwa mpya, kana kwamba mashine imewashwa sasa hivi. Kama moduli yako si iwlwifi, badilisha majina, usinakili kichwa kichwa.

Niseme ukweli, hii ni njia ya panya. Hata waliotengeneza mfumo huo wameandika kwenye maelezo yao kwamba faili za aina hii zihesabiwe kuwa viraka vya mtu binafsi. Mimi siwadharau wenye viraka, nguo yenye kiraka inavaliwa. Ila tengenezo lenyewe huja na keneli mpya au fimwea mpya, kwa hiyo usipuuze masasisho ya Ubuntu kwa kuogopa kumaliza bando:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Baada ya hapo washa upya, kiondoe kiraka siku moja ujaribu bila yeye. Na kama tatizo lilianza ghafla baada ya sasisho fulani, inawezekana keneli mpya ndiyo iliyoleta kasoro. Ubuntu kwa kawaida haitupi keneli ya nyuma yake. Wakati wa kuwasha bonyeza Esc au shikilia Shift, ingia kwenye Advanced options for Ubuntu, chagua ya zamani. Ikilala na kuamka salama, umeshajua mkosaji, na matokeo ya uname -r kwa kila moja ndiyo habari ambayo watengenezaji watakuuliza kwanza ukiripoti kasoro.

Kuna hali moja ambayo haya yote hayasaidii. Baada ya kuamka, rudia lspci -k. Kadi ikiwa haionekani kabisa kwenye orodha, moduli haina wa kumhudumia. Hapo jaribu:

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Ikigoma bado, tazama kama kuna sasisho la BIOS la laptopu hiyo, na hapo ndipo mtu anaweza kufikiria fundi. Kabla ya hapo, fundi hana cha kukuuzia.

Kuhusu mteja aliyeondoka, mwandikie. Mwambie mashine ilikuwa na kasoro, imepatikana na imerekebishwa, na umtumie kipande kifupi cha kazi bure ajionee. Wengine hurudi. Zile elfu sitini sikuahidi kitu, ila kadi ya zamani mwombe fundi akurudishie, ilikuwa nzima na ni mali yako.

Na lile neno jipya la siri la rauta, mpe wifi yako leo hii, wewe mwenyewe, usimtume mume. Na ile picha ya kumbukumbu za keneli uwe nayo mkononi.