Mkopo wa Halmashauri na Kikundi cha Karatasini



Katika mikutano ya kijiji huku kwetu Vihingo, wilaya ya Kisarawe, watu hutaka mambo mawili kwa viongozi wao. Vijana hutaka mtaji, na wenye maduka hutaka ulinzi wa usiku. Kila upande huona kuwa haja yake haihusiani na ya mwenzake, hata wakashindana ni ipi itangulizwe. Lakini halmashauri ya kijiji ile ile iliyo na kamati ya mipango, uchumi na fedha, ndiyo iliyo na kamati ya ulinzi na usalama. Na mwenye kuwasomesha watoto Sura ya Quraysh, kama niwasomeshavyo mimi, ajua kuwa chakula na amani vimetajwa humo pamoja, tena kwa watu wa misafara ya biashara.

Serikali haikuliona jambo hili hivyo sikuzote. Mwaka 1983, nami ningali mtoto, watu wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani, katika ile iliyoitwa Nguvu Kazi. Mchuuzi asiye na karatasi alihesabiwa pamoja na mzururaji, na mzururaji akatazamwa kama mwizi. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Miaka hiyo hiyo Wasukuma na Wanyamwezi, kwa kuchoshwa na wezi wa ng'ombe, walijiundia ulinzi wao wa Sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikautambua. Ijapokuwa nao hawakuepukana na kudhulumu watu.

Ama njia ya siku hizi ni nyingine. Mwaka 2018 sheria ilizilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani wakopeshwe watu walio katika vikundi: wanawake asilimia 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Mkopo huo hauna riba. Hebu lifikirini neno hilo, ndugu zangu, sisi tuliozoea kuwaonya watu na riba bila ya kuwaonyesha mlango wa pili. Huu ndio mlango wa pili, na aliyeufungua ni Serikali.

Mwezi wa Aprili 2023 mlango huo ulifungwa nchi nzima, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha kuwa mabilioni hayakurejeshwa, na kwamba vikundi vingine havikuwako ila majina. Mwaka 2024 ukafunguliwa tena. Katika muda huo khasara haikumpata mwenye kikundi cha uongo, kwani yeye alikwisha kula. Ilimpata mjane aliyekuwa akingoja zamu yake.

Kabla ya kufungwa huko alinijia kijana niliyemfundisha tangu alifu. "Shikamoo, maalim." "Marahaba, mwanangu." Alikuwa na karatasi ya kikundi cha kufuga kuku, akitaka nitie sahihi ya kuwadhamini. Nikamwuliza banda liko wapi.

"Banda litafuata, maalim. Hizi ni fedha za serikali, hazina mwenyewe."

Nalimwambia mwenyewe ni shangazi yake, atozwaye ushuru wa soko kwa mafungu yake ya muhogo. Akainama. Kisha akaniuliza, "Mbona wenzetu wamepewa, nawe wawajua?"

Hapo sikuwa na jibu. Nalikijua kikundi kimoja cha namna hiyo, nami nalinyamaza mkutanoni, kwa kuwa amshikaye mwizi wa kuku husifiwa, na amtajaye mwizi wa mkopo huitwa hasidi. Walimu wenzangu nao hunyamaza, na wenye kutunza misikiti yetu vile vile; sisi tupigao kelele ndala zikiibwa mlangoni.

Sikutia sahihi. Mama yake alichukizwa, akamtoa chuoni mtoto wake mdogo.

Mikopo iliporudishwa kijana yule alinijia tena, pamoja na wenzake wanne, wakanichukua nikalione banda. Walilijenga kwa michango yao wenyewe, lina mlango wa bati na kufuli, na kuku wapatao ishirini ndani yake. Waliniambia hulala hapo kwa zamu kwa kuogopa wezi. Nikatia sahihi.

Katika mkutano wa kijiji uliofuata yeye ndiye aliyesimama kwanza kudai ulinzi wa usiku, na wenye maduka wakamgeukia kumtazama. Mtoto mdogo amerudi chuoni. Mama yao bado hajanisemeza.