Kama Mubashara Imekufa, Mbona Waliizima?

Juni 25, 2025, alasiri, nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Macho yetu sote yalikuwa kwa TV ndogo iliyoning'inia juu ya kioo. Vijana walikuwa wamerudi barabarani kuwakumbuka wenzao waliouawa mwaka mmoja kabla. Ghafla picha ikapotea. Kinyozi akashika rimoti, akahamia stesheni nyingine. Nayo pia hakuna kitu.

"Wamezima hawa," akasema, mashine bado inanguruma mkononi.

Kumbe Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imeagiza runinga na redio zikome kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV, KTN na K24 zikaondolewa hewani. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku iyo hiyo.

Naikumbuka siku hiyo kila nikisikia watu wakisema mubashara imepitwa na wakati. Eti nani bado anangoja habari za saa tatu usiku, na klipu ziko kwa simu kutoka asubuhi?

Hapo niko nao kabisa. Mimi pia singoji saa tatu. Sioni maana ya mwandishi kusimama gizani nje ya lango lililofungwa, mkutano uliisha mchana, halafu pembeni mwa skrini pameandikwa "mubashara". Hakuna kinachotokea pale ila baridi. Rekodini hiyo taarifa, muiweke mtandaoni, tutaitazama tukiwa kwa matatu.

Lakini taarifa ni kitu kimoja, ushahidi ni kingine. Klipu imepitia mikono ya mtu. Kuna aliyeamua ianzie wapi na ikatwe wapi. Mubashara inatufikia kabla mkubwa yeyote hajapata nafasi ya kumpigia mhariri simu. Juni 25, 2024, tuliona bunge likivamiwa na tukasikia risasi, wakati uo huo, nchi nzima. Usiku Rais alipohutubia taifa na kutaja uhaini, tulikuwa tushajionea wenyewe. Najua kamera hazikuzuia risasi. Ila asubuhi yake hatukuanza kwa kubishana kama zilifyatuliwa.

Utaniambia, si kuna TikTok Live? Iko. Lakini siku hiyo hiyo ya 2024 intaneti ilizorota nchini. Na simu ya kijana mmoja ni rahisi kunyang'anywa, ama iishiwe chaji akiwa katikati ya moshi. Mwaka uliofuata, stesheni zilipozimwa, mwenye bando alizifuata YouTube. Kinyozi wangu hakuwa na bando. Alikuwa na TV.

Na uchunguzi wa polepole? Nauheshimu. Filamu ya BBC ya 2025, Blood Parliament, ilichambua zaidi ya picha na video 5,000 kuonyesha nani alifyatua risasi pale bungeni. Lakini hiyo ilitoka miezi kumi baadaye. Hatuwezi kungoja miezi kumi kujua kama barabara ya kwenda nyumbani iko salama.

Na serikali inajua thamani ya kitu hiki kutuliko. Januari 30, 2018, ilizima NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kuapishwa kwa Raila Odinga pale Uhuru Park. Mahakama ikaamuru zirudishwe, na bado tukakaa siku kadhaa bila picha. Sijawahi kusikia serikali ikizima stesheni kwa sababu ya taarifa iliyorekodiwa jana.

Kwa hivyo, wakubwa wa vyumba vya habari, msitudanganye na mubashara za mapambo. Punguzeni hizo, pesa inayobaki muitumie kwa kamera, mafuta ya gari na mawakili. Siku ikifika, muwe hewani, na mkizimwa muwe tayari kortini.

Siku ile kinyozi alimaliza kichwa changu kimya kimya. Nilitoka nimenyolewa safi, na sikujua kama mjini kunapitika.