Kiingilio ni Bure, Ngoma Iko Stoo

Mwambie mtu yeyote kwamba unaenda London na atakuagiza upitie British Museum. Ni bure, atasema. Na kweli, mlangoni hakuna anayekudai hata senti. Utaona Jiwe la Rosetta, sanamu za Wagiriki, maiti za Misri zilizokaushwa. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka wa 1759, na hujiita ya ulimwengu mzima. Mimi nasema hiyo bure ni uongo mtamu, na sisi tumeumeza bila kutafuna.

Hebu tupige hesabu. Kabla ufikie huo mlango wa bure, unalipia viza zaidi ya pauni 100, na ukinyimwa, pesa hazirudi. Unapeleka taarifa za benki, barua ya kazi, na ushahidi kwamba hutahamia huko. Tiketi ya ndege bado. Mtalii wa Paris anapanda treni asubuhi na jioni amerudi kwake. Kwa hivyo bure ni ya wale ambao tayari wana ruhusa ya kutembea duniani. Wengine tunapanga foleni kwenye ofisi ya viza tukiwa tumebeba mafaili.

Tuseme umefika. Misri utaikuta hapo hapo sakafu ya kuingilia, kwenye ukumbi mkubwa. Afrika iliyobaki unashukia ngazi, hadi chumba nambari 25. Huko ndiko yalikopangwa mabamba ya shaba ya Benin, yaliyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka wa 1897. Ni mazuri hadi unakosa maneno. Utapiga picha, utapost, na wasee watakuwekea moto.

Lakini kuna kitu hutakiona hata ushuke ngazi zote. Kinaitwa Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwaka wa 1902, na mwaka wa 1908 ikaingia British Museum. Haikuwa pambo la kutazamwa. Kazi yake ilikuwa kulia, watu wasikie, waje kwenye ibada. Leo iko stoo: haionekani, haisikiki. Na haiko peke yake. Makumbusho hayo yana vitu karibu milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000, yaani asilimia 1. Sasa niambie, ile hoja ya kwamba wanatutunzia ili dunia nzima ione, ni dunia ipi imeiona Ngadji?

Watetezi wao, wakiwemo wa hapa kwetu, wana majibu matatu.

La kwanza, ati sisi hatujui kutunza. Mwaka wa 2023 British Museum walikiri kwamba vitu karibu 2,000 vilikuwa vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Vingine viliuzwa eBay. Mfanyabiashara wa vitu vya kale aliwaonya tangu 2021, wakampuuza. Mkurugenzi akajiuzulu. Kama kutunza ndiyo sifa ya kumiliki, basi hata wao wamefeli mtihani.

La pili, ati sheria inawafunga mikono. Ni kweli, sheria ya mwaka wa 1963 inawazuia kutoa mali, isipokuwa kwa sababu chache. Lakini sheria haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka wa 2009 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuruhusu makumbusho ya taifa kurudisha vitu walivyoporwa watu enzi za Wanazi. Walifanya vyema. Kumbe wakitaka, mlango unafunguka. Hata hapo hapo London, Horniman Museum, ambayo haibanwi na sheria ile ya 1963, ilikabidhi Nigeria umiliki wa vitu 72 vya Benin mwaka wa 2022. Lakini Waasante wa Ghana, dhahabu ya wafalme wao iliporudi Kumasi mwaka wa 2024, ilienda kwa mkopo wa miaka mitatu. Yaani mtu amechukua viatu vyako, halafu anakuazima, na anakukumbusha tarehe ya kurudisha.

La tatu linauma zaidi: hata makumbusho ya hapa hatuendi. Wako wanaoijua ramani ya Louvre na hawajawahi kuingia Nairobi Gallery. Sawa. Lakini ukiibiwa redio, polisi hawakuulizi ulikuwa unaisikiliza mara ngapi kwa wiki. Mali ni ya mwenyewe, aitazame asiitazame.

Sisemi usiende London. Ukipata viza, enda. Ila usiende kama mgeni aliyefanyiwa hisani. Enda kama mtu anayefuatilia mzigo wake bandarini. Uliza kiko wapi, kiliingiaje, nani alitia sahihi. Na usipopata viza, katalogi yao iko kwenye intaneti. Andika jina la watu wa kwenu, Pokomo, Giriama, Kamba, Luo, Turkana, uone kinachotokea. Mradi mmoja wa Wakenya na wenzao wa Ujerumani, International Inventories Programme, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyoko kwenye makumbusho ya nje. Mwaka wa 2021 walileta Nairobi maonyesho yenye makabati ya kioo yaliyo matupu. Utupu ule ulieleza kila kitu.

Na serikali yetu isijifanye haihusiki. Ngadji ikirudi, isiwe ya kupigwa picha na mawaziri uwanja wa ndege kisha ifungiwe stoo nyingine, sasa ya Nairobi. Ipelekwe Tana. Wapokomo wenyewe waamue kama itaonyeshwa, itafichwa, au italia tena.